Mahindi Tuliyoyashusha Darini

Mwanangu Mwajabu,

Naandika alasiri kwa sababu mafuta ya taa hakuna. Duka la kijiji likifunguliwa siku hizi ni kwa ajili ya kufagiliwa tu, maana cha kuuza hakimo. Wewe umekwenda Kwamndolwa kumuaga shangazi yako, na ukirudi na basi la jioni utamkuta kuku amekwisha kunyonyolewa na mimi nimekaa jikoni kama mtu asiye na neno. Kesho alfajiri tutashika njia ya Mkata kungoja basi la Dar es Salaam. Karatasi hizi nitazitia chini kabisa ya sanduku lako. Utazikuta umeshafika, nami nitakuwa huku, mbali na macho yako, na hivyo ndivyo nitakavyo.

Mambo ya sabuni na shuka na kuchagua marafiki sikuandikii. Umekaa mjini Korogwe miaka miwili ukifanya kazi ya benki, na kabla ya hapo ulipita jeshini ukalala kwenye mahema. Mama wa kijijini atakufundisha nini juu ya kufua? Nakuandikia habari za ghala. Najua unazijua. Kila mtu anazijua kuanzia hapa hadi Mkata, na wasiojua jina langu wananijua kama Mama Fukusi. Wewe mwenyewe uliwahi kurudi kutoka shule mdomo umevimba kwa ajili ya jina hilo, ukaniambia umeanguka. Sikukuuliza umeanguka wapi. Kwa hiyo usidhani nakufichulia siri, siri haipo. Nataka uisikie kutoka kwangu mara moja tu, kwa sababu tangu siku ile uliponieleza masomo yako sijapata usingizi wa maana.

Unaikumbuka siku ile. Barua ya chuo ilikuwa imefika, tukawa tumekaa uani tunapukuchua mahindi. Nikakutania kwamba mtu anakwendaje chuo kikuu kujifunza kuhesabu hela za wenzake, kwani vidole havimtoshi? Ukacheka.

"Si kuhesabu, mama. Tunasoma masoko ya fedha na taasisi zake. Benki, bima, mifuko ya akiba. Na huko ng'ambo kuna masoko ambako watu wananunua vipande vya kampuni ambazo hawajawahi kuziona hata paa."

"Wananunua wasichokiona?"

"Wanaamini, mama. Ndiyo kazi yenyewe."

"Na wakiogopa wote kwa siku moja?"

"Hapo ndipo mtihani unapotoka," ukasema, na tukacheka wote wawili.

Kisha ukachukua punje kwenye ungo, ukazigawa mafungu mawili, moja kubwa na moja dogo, ukanieleza habari ya benki. Ukasema watu wanaweka fedha zao, lakini benki haizikalii. Fungu kubwa linakopeshwa, linakwenda kufanya kazi mbali, na fungu dogo linabaki mlangoni kwa ajili ya wanaokuja kuchukua. Kwa kawaida wanakuja wachache, kwa hiyo linatosha. Ila wakiingiwa na hofu wakaja wote pamoja, benki inaanguka hata kama hakuna aliyeiba senti moja.

"Na anayekuja mwisho?" nikakuuliza.

"Anakosa."

Ulisema hivyo kwa sauti ya mtu anayejibu swali darasani, ukarudisha punje kwenye ungo. Mimi nikainuka nikasema nakwenda kutafuta kuni, na kuni zilikuwa zimejaa nyuma ya nyumba. Uliziona, ukaendelea kupukuchua. Nilikwenda nikakaa porini mpaka miguu ikafa ganzi. Kumbe jambo lililonimaliza mimi lina somo lake. Lina walimu na vitabu, na watoto wanafaulu au wanafeli kwa ajili yake. Nilikuwa nimelibeba miaka yote nikidhani ni laana ya kwangu peke yangu.

Sasa nisikilize.

Kabla ya kijiji hiki kulikuwa na kule tulikohama. Ulikuwa mdogo, labda unakumbuka ule mkwaju tu. Kila mama alikuwa na jiko lake, na juu ya jiko dari ya fito, na juu ya dari mahindi yake na maganda yake, yakila moshi wa kila siku mpaka yanakuwa meusi. Moshi ndio uliokuwa mlinzi, maana fukusi, yule mdudu anayesaga mahindi kuwa unga, hawezi kukaa na moshi. Na palikuwa na adabu moja: ukiingia jikoni kwa mwenzio hutazami juu. Unatazama moto, unatazama watoto, unatazama miguu yako. Dari ya mtu ilikuwa siri yake. Mwenye mengi hakujulikana, na mwenye machache hakuaibika. Hata mume hakupanda kule bila kuuliza. Huku kwetu njaa hazina haya, zinakuja kila zinapojisikia, na bibi yako alikuwa akizitaja kwa majina kama anataja wajukuu. Zote ziliwakuta akina mama wamekaa kimya chini ya dari zao, wakipunguza kidogo kidogo.

Tulipohamia hapa kando ya barabara, nyumba zikajengwa kwa mistari. Zilikuwa nzuri kuzitazama. Dari hazikuwa nazo. Tulihama na mahindi yetu tukajenga dari za haraka haraka kwenye vibanda vya jikoni, na hapo ndipo katibu wa kijiji alipoanza kutusema. Alikuwa kijana msafi, ametoka kwingine, kalamu mbili mfukoni. Alisema mkutanoni kwamba dari ni ubinafsi, mtu kumficha jirani chakula. Tujenge ghala moja la mabati, sakafu ya saruji, mahindi yakae pamoja, kila mama aandikwe jina na magunia yake. Sehemu iuzwe inunue mashine ya kusaga, tuache kuua viuno kwa vinu, na sehemu ingoje siku ya shida. Ghala lilipokwisha aliandika kwa mkono wake, kwa rangi nyekundu, juu ya mlango: AKIBA HAIOZI.

Sikutaka kumdharau kijana yule wakati ule na sitaki sasa. Alikuwa na haki katika mengi. Nami nilikuwa na darasa langu la nne, mwanamke pekee aliyeweza kuandika, kwa hiyo ufunguo nikapewa mimi. Niliuvaa shingoni kwa kamba. Nakuambia kweli, Mwajabu, niliupenda ufunguo ule. Nilikuwa naoga nao.

Lakini hakuna mama aliyeleta mahindi. Katibu alihutubia mpaka sauti ikakauka, wakampigia makofi, wakarudi majikoni kwao. Mwanamume hawezi kuingia jikoni kwa mtu akatazama juu. Basi akanituma mimi. Hilo ndilo kosa ambalo hakuna mgeni angeweza kulifanya, lilitaka mtu wa humu humu. Mimi walinifungulia. Mimi nilikuwa nimezaa nao, nimezika nao. Nilipita jiko kwa jiko, na katika kila jiko niliinua macho.

Bibi yako, mama yake baba yako, alikataa. Aliniuliza, "Na humo ndani yatalala na nani, kama moshi haupo?" Nikalisimulia neno hilo kwenye mkutano, watu wakacheka sana, nami nikacheka kuwazidi.

Bi Zaina alikuwa wa kwanza kukubali. Tulichezwa unyago pamoja, mimi na yeye, na watoto wetu wa kike, wewe na Asha wake, tuliwazaa msimu mmoja. Alipanda mwenyewe darini akawa ananipa mahindi, mimi nikiyapokea chini. Yalikuwa mengi mno. Sikujua kama kuna mtu kijijini mwenye mahindi kama yale, mwanamke mjane, mikono yake tu. Aliposhusha la mwisho akakaa juu ya zile fito tupu, miguu inaning'inia, akaniambia, "Haya, sasa umeniona uchi." Tukacheka. Wengine waliposikia Zaina ametoa, wakatoa.

Mwaka wa kwanza ulikwenda vizuri. Niseme hivyo ili usije ukadhani tulikuwa wajinga. Waliohitaji walikuja, wakapewa, wakaondoka wakiimba. Sehemu ikauzwa, fedha zikapelekwa kuagiza mashine, na kibanda cha mashine kikajengwa, hicho hicho wanamolala mbuzi hadi leo. Mwaka uliofuata mvua haikunyesha. Asubuhi moja nilifungua ghala nikatia mkono ndani ya gunia, mkono ukatoka mweupe. Unga. Nikatia kwenye gunia la pili, la tatu, nikaacha. Fukusi walikuwa wakitembea juu ya vidole vyangu kama wako kwao.

Nilimwendea katibu. Hakupiga kelele. Alikaa kitako, akavua miwani, akasema, "Mama, ukilisema hili leo, wote watakuja mlangoni na ghala litakufa leo leo. Tukinyamaza, dawa nimekwisha iomba wilayani, mashine iko njiani, tutafidia pole pole. Bora tuwape muda." Mwanangu, hakuwa mwongo. Hicho ndicho kinachoniua. Nimemtafutia uongo miaka yote na sijaupata. Siku utakapokaa nyuma ya meza kubwa, utapewa sababu ya kunyamaza, nayo itakuwa sababu nzuri, yenye huruma ndani yake. Ningekuwa na la kukuambia la kufanya siku hiyo ningekuambia. Sina.

Nikakubali kunyamaza. Nilinyamazia kijiji kizima isipokuwa mtu mmoja. Tukiwa njiani kwenda mtoni nilimwambia wifi yangu, huyo shangazi yako uliyekwenda kumuaga leo: "Toa yako, na usiniulize." Damu nzito kuliko maji, nilijisemea, na hata damu yenyewe ilikuwa ya baba yako, si yangu. Akatoa. Alisaidiwa na wanawe, akachagua magunia ya juu, yale yaliyokuwa bado mazima.

Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Jioni ile ile Bi Zaina alinikuta kisimani.

"Wifi yako katoa mahindi. Kuna nini?"

"Hakuna kitu. Wana shughuli ya harusi kwao."

"Mwenzangu, niambie. Na mimi nina mtoto."

"Zaina, kungekuwa na jambo ningekuficha wewe?"

Akanitazama. Kisha akaweka ndoo yake kichwani, akasema, "Basi mie nangoja. Wewe ndiye mwenye ufunguo."

Kila ninaposikia mtu akisifu uaminifu, nasikia sauti hiyo.

Walikuja, mwanangu. Siku chache tu baadaye, kabla jua halijachomoza, walikuja wote. Hakuna aliyewaita. Mmoja alikwenda kwa sababu ya wifi yangu, wa pili kwa sababu ya huyo mmoja, na wengine kwa sababu waliona wenzao wanakimbia. Watu walioshirikiana kilio na ngoma walivutana nywele mlangoni. Waliokuja mapema walipata mahindi. Waliofuata wakapata chenga. Mimi nilikuwa nasoma majina kwa sauti, kana kwamba kulikuwa na utaratibu. Bi Zaina alikuja mwisho, jua limeshapanda. Alikuja akitembea. Mikononi alikuwa na kikapu kimoja, kwa sababu alidhani anachukua ya kula wiki ile tu. Ghala lilikuwa tupu. Nilichukua ufagio, nikafagia sakafu, nikampa nilichokifagia.

Watu wengine wanaonihurumia husema, lakini Mama Mwajabu mwenyewe hakuchukua hata punje. Ni kweli, sikuchukua. Usilipokee neno hilo kama utetezi. Njaa ilipokaza, sisi tulikula mahindi ya shangazi yako. Alikuwa akituletea usiku, kwenye beseni lililofunikwa kwa khanga. Wewe ulikula. Ndiyo maana upo.

Asha hakuwa na shangazi wa namna hiyo. Watu walirudi porini kuchimba ndiga, kile kiazi cha mwituni chenye sumu, ambacho lazima ukikate vipande na kukiloweka kwenye maji yanayokwenda, siku nyingi, ndipo kiwe chakula. Bi Zaina alikuwa ameziloweka zake mtoni, amezifunika na mawe. Mtoto mwenye njaa hawezi kungoja mto. Alikwenda peke yake akatoa kidogo, akachemsha kwenye kopo. Walipomkuta alikuwa bado anapumua, wakambeba mbio kuelekea Mkata kutafuta gari, na gari halikupatikana. Wewe uliuliza kwa nini kwenye dawati lenu sasa unakaa peke yako. Mwezi ule ule lori la msaada likaja na mahindi ya njano. Yalikuwa mengi, tulikula mpaka tukayachoka.

Hayo ndiyo ninayoyajua kuhusu taasisi za fedha.

Baba yako alikwenda Mazinde kukata mkonge. Alisema anakwenda kwa ajili ya mshahara, lakini siku alipofunga mzigo aliniambia jambo la kweli zaidi: "Siwezi kukaa mahali ninapotazamwa hivi." Huko akaoa, unawajua ndugu zako. Simlaumu sana. Katibu naye alihamishwa, nasikia alipandishwa cheo. Mimi ndiye niliyebaki. Nyumba yangu inatazamana na ghala, maana ilijengwa hapo makusudi ili mwenye ufunguo awe karibu. Yale maandishi mekundu yamebanduka, popo wanaingia na kutoka. Na ushirika wetu mkubwa, ule wa kuuzia pamba, umevunjwa, tumeambiwa na redio kama tunavyoambiwa habari za mvua. Watu hawakulia. Siku hizi mtu akiwa na kitu anakizika shambani, halafu anasahau mahali.

Mwaka jana nilikuja Korogwe kukuletea mihogo, nikaingia benki kukungoja. Hukujua nimekaa muda mrefu kiasi gani. Niliwatazama wale wakata mkonge kwenye mstari, kofia mikononi, kama watu walio msikitini. Mzee mmoja alikupa fedha zake kupitia lile tundu la kioo. Ukamgongea muhuri ukamrudishia kijitabu, naye hakukifungua. Akasema, "Ahsante, mwanangu," akatoka. Hakuinua macho kutazama nyuma yako kuna nini. Adabu ile ile ya jikoni, Mwajabu! Nilitaka kusimama nimpigie kelele arudi. Ulipokuja ukaniona nimeshikilia benchi kwa mikono miwili ukanipa maji, ukasema ni joto la Korogwe. Nikasema ndiyo, ni joto.

Naogopa. Niliseme bila kuzunguka: sioni furaha yoyote katika safari yako. Wenzangu wananipongeza barabarani, mtoto wa kike, chuo kikuu, nami najibu ahsante, ahsante, na moyoni naona natuma mtu wa pili wa nyumba hii kwenda kupewa ufunguo.

Sasa nifike kwenye lile lililonikalisha chini kuandika.

Ule mkataba wa serikali uliotakiwa kuusaini, kwamba ukisomeshwa utarudi kulitumikia taifa, ulitaka wadhamini wawili wenye mali. Ndugu mmoja na mtu baki mmoja wa hapa kijijini. Usiporudi, mali yao inachukuliwa. Ndugu akawa shangazi yako. Kuhusu mtu baki, nilikuambia kwamba Bi Zaina alijitolea mwenyewe, ukafurahi, ukaenda kumshukuru na kilo ya sukari. Nilikudanganya. Ulivyonieleza masomo yako kwa furaha ile sikuweza kukuambia jinsi ilivyokuwa.

Nilipita nyumba kwa nyumba, Mwajabu, kama nilivyopita zamani jiko kwa jiko. Mmoja aliniambia macho yake hayaoni tena karatasi, na nilikuwa nimemkuta anatoa mwiba kwenye unyayo wa mjukuu. Mwingine alinipikia uji, akazungumza habari za mvua mpaka nikachoka nikaaga mwenyewe. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa mkweli kuliko wote. "Mama Mwajabu," alisema, "binti ni mzuri, hana dosari. Tatizo ni dhamana ya nyumba yenu." Nilirudi nikiwa nimeamua kukuambia kwamba haiwezekani, ubaki benki Korogwe, na moyoni, Mungu anisamehe, nilipata nafuu.

Kwa Bi Zaina sikukusudia kwenda. Yeye ndiye aliyeniita nikipita. Alikuwa barazani anashona kaptura za shule, na hakusimamisha cherehani.

"Nasikia unapita kwa watu."

"Napita, Zaina."

"Na mimi umeniweka mwisho."

Akashona mpaka mwisho wa mshono, akakata uzi kwa meno.

"Wanataka nini hao?"

"Mtu mwenye mali, aweke dole. Mtoto asiporudi, wachukue."

"Nina cherehani na mbuzi. Lete."

"Zaina..."

"Usilie barazani kwangu. Na usiende ukatangaza kwamba Zaina amesamehe. Sijasamehe, na sidhani kama nitasamehe. Lete hiyo karatasi."

Nilimuuliza kwa nini. Sikupaswa kuuliza, lakini niliuliza. Akavuta kaptura nyingine, akaanza kuipindia miguu.

"Tangu wadogo walikuwa sawa sawa. Nguo nilikuwa nashona pima moja, nakata mbili. Huyu wako akipita hapa, namtazama, najua Asha leo angekuwa na kimo gani. Ndiyo njia yangu ya kujua. Alipotoka jeshini amekonda nikasema, kumbe na wangu angekonda. Sasa nyie mnataka akae pale pale dirishani akigonga mihuri mpaka azeeke? Na Asha naye akae?"

Akatia dole gumba kwenye wino, akalibandika, akapangusa kidole kwenye kipande cha kitambaa, akaendelea kushona.

Mwanangu, nilipoketi leo kuandika nilikuwa na jambo moja la kukuambia, na nimelizunguka kurasa zote hizi. Nilitaka kukuambia usirudi. Soma, pata kazi huko huko, au nenda hata hizo nchi za watu wanaonunua wasichokiona, tafuta mahali ambapo hakuna anayelijua jina la mama yako. Huku hakuna kitu. Udongo umechoka na watu wamechoka, na sioni kijiji hiki kikipona nikiwa hai. Kama ni mimi peke yangu ningekuachia, ningekufa bila wewe, wala nisingekuita.

Lakini Bi Zaina ametia dole. Yule aliyefika mwisho akapewa vumbi, ameweka tena kila alichonacho kwenye nyumba ile ile, na safari hii hakuna mtu aliyemdanganya. Amejua anachokifanya. Kwa hiyo siwezi kukuambia nilichotaka. Yeye hawezi kungoja mlangoni mara ya pili akakosa.

Rudi, Mwajabu. Sina furaha kukuambia hivyo. Rudi hata kama utakuta hapana kitu, hata kama mimi sipo. Na siku utakaposhuka Mkata ukaja kwa miguu mpaka hapa, usianzie kwangu. Anzia barazani kwa Bi Zaina. Usimpe sukari, usimshukuru. Simama tu mbele yake, wima, mpaka atosheke kukutazama.

Nasikia basi linapiga honi barabarani. Nakunja karatasi, nakuja kukupokea.

Mimi mama yako.